Nani Huajiri Wasaidizi wa Utafiti katika Chuo Kikuu Kikubwa, na kwa Fedha Zipi

Mtu anayetafuta kazi ya usaidizi wa utafiti au nafasi ya uanagenzi katika chuo kikuu kikubwa aghalabu huanzia kwenye ukurasa wa ajira wa chuo hicho. Huandika neno "utafiti", akapata ama matangazo machache yasiyomhusu ama mamia ya matangazo yenye majina yanayokaribiana, akatuma barua ileile kwa wote, kisha akangoja jibu ambalo mara nyingi haliji. Wengi hudhani kilichowaangusha ni alama zao au uchache wa nafasi. Kwa maoni yangu, tatizo kubwa zaidi ni kwamba wamekichukulia chuo kikuu kama mwajiri mmoja, ilhali katika mambo ya utafiti chuo kikubwa ni mkusanyiko wa waajiri wadogo wengi: maabara, vituo vya utafiti, miradi ya miaka mitatu, tafiti za afya zinazofuatilia watu walewale kwa miongo, na wahadhiri wenye fungu dogo la kumlipa mwanafunzi mmoja. Wote hutumia jina moja na ofisi moja ya utumishi, lakini kila mmoja ana fedha zake, kalenda yake na mahitaji yake. Anayetaka kazi kwao hana budi kujua fedha hizo hutoka wapi na huanza kutumika lini.

Fedha hutangulia kazi

Utaratibu huu una historia yake. Mwanakemia Justus von Liebig, aliyefika Giessen nchini Ujerumani mwaka 1824, aliifanya maabara kuwa mahali ambapo wanafunzi walijifunza utafiti kwa kuufanya wenyewe chini ya profesa mmoja, na mtindo huo ukaigwa katika nchi nyingi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia zikaongezeka fedha za serikali. Ripoti ambayo Vannevar Bush aliiwasilisha kwa rais wa Marekani mwaka 1945 ilitetea hoja kwamba serikali igharimie utafiti wa msingi katika vyuo vikuu, na mwaka 1950 nchi hiyo ikaanzisha shirika la taifa la kufadhili sayansi, NSF. Leo, katika nchi nyingi, sehemu kubwa ya fedha za utafiti hutolewa kwa kushindaniwa. Msomi huandika andiko la mradi, wataalamu wenzake hulipima, na likikubaliwa chuo hupokea ruzuku kwa ajili ya mradi huo chini ya uongozi wa msomi huyo, ambaye sasa huitwa mtafiti mkuu.

Ndani ya andiko hilo mna bajeti, na ndani ya bajeti mna fungu la watu watakaofanya kazi. Kabla mtu yeyote hajaona tangazo, tayari imeandikwa kwamba mradi utahitaji, kwa mfano, msaidizi mmoja wa kutwa kwa miezi 24 na wanafunzi wawili wa saa 10 kwa wiki. Nafasi hiyo huwa imepangwa pengine mwaka mzima kabla ya kutangazwa, na kwa kawaida hufikia kikomo pale ruzuku inapokwisha, hata msaidizi awe hodari kiasi gani. Ruzuku za Baraza la Utafiti la Ulaya kwa watafiti wanaoanza kujitegemea hufikia euro milioni 1.5 kwa miaka 5, na ruzuku maarufu zaidi ya taasisi za kitaifa za afya za Marekani, NIH, ile inayoitwa R01, kwa kawaida hudumu kati ya miaka 3 na 5. Sehemu kubwa ya fedha za namna hii hulipa watu, kwa sababu utafiti mwingi, hata ule wa mashine za bei kubwa, bado hutegemea mtu wa kuhoji, kupima, kusafisha data na kuandika.

Ukilielewa hilo, mambo mawili yanayowachanganya waombaji hueleweka mara moja. La kwanza ni kwamba uwezo wa profesa kukuajiri hautegemei ukarimu wake wala umaarufu wake. Profesa ambaye vitabu vyake vinasomwa kila mahali anaweza kuwa kati ya ruzuku mbili, hana senti ya kumlipa mtu, wakati mhadhiri kijana usiyepata kumsikia amepata ruzuku mwezi uliopita na anahitaji watu watatu haraka. La pili ni kwamba wakati una uzito kuliko ubora wa barua. Barua nzuri ikifika mwezi wa 20 wa mradi wa miezi 24 itajibiwa kwa upole na kukataliwa. Barua ya kawaida ikifika mwezi wa kwanza inaweza kusomwa na mtu ambaye jioni hiyohiyo alikuwa anawaza atampata wapi msaidizi.

Jambo ambalo waombaji wachache mno hulitumia, nami naliona kuwa la thamani kuliko mashauri yote ya kupamba wasifu, ni kwamba taarifa za ruzuku nyingi ziko wazi kwa umma. NIH ina hifadhidata iitwayo RePORTER ambamo mtu yeyote anaweza kutafuta miradi inayofadhiliwa kwa jina la chuo, mada au mtafiti. NSF ina ukurasa wake wa kutafuta ruzuku ilizotoa. Miradi ya Umoja wa Ulaya huorodheshwa katika CORDIS, na ile ya mabaraza ya utafiti ya Uingereza katika Gateway to Research. Kila ingizo huonyesha mradi unahusu nini, nani anauongoza, uko katika taasisi gani, ulianza lini na utaisha lini. Wafadhili wengi wa hisani nao huchapisha orodha za miradi waliyoipa fedha. Saa mbili za kutafuta humo, kwa kutumia jina la chuo unachokitaka na tarehe za kuanza za miezi sita iliyopita au ijayo, zinaweza kukupa majina kumi ya watu wenye fedha na kazi isiyokuwa na mfanyakazi bado. Orodha hiyo inashinda matangazo mia moja ya jumla.

Kuna kundi lingine la kulitazama: wahadhiri walioajiriwa karibuni. Vyuo vingi vikubwa, hasa katika sayansi za maabara, humpa mhadhiri mpya fedha za kuanzia ili anunue vifaa na kuajiri watu wa kwanza kabla hajapata ruzuku yake mwenyewe. Mtu huyo ana chumba kitupu, ana fedha na ana shinikizo la kutoa matokeo mapema. Kurasa za habari za idara hutangaza ujio wa wahadhiri wapya, kwa hiyo si siri. Kufanya kazi na mtu wa aina hii kuna faida na hasara zake: utamwona kila siku na utajifunza mengi, lakini taratibu za maabara bado hazijatulia na yeye mwenyewe anajifunza kusimamia.

Kwa sababu kazi hizi zimefungwa kwenye ruzuku, misukosuko ya wafadhili huwafikia wasaidizi kwanza. Mwaka 2025, serikali ya Marekani ilipokata na kusimamisha ruzuku nyingi za utafiti, vyuo vikuu kadhaa vikubwa vya nchi hiyo vilitangaza kusimamisha ajira mpya. Katika hali kama hiyo si busara kuacha kutafuta. Ni busara kuuliza kila nafasi inalipwa na nani. Chuo kilekile kinaweza kuwa na mradi uliokauka na, ghorofa moja juu yake, mradi unaolipwa na wakfu binafsi au na serikali ya nchi nyingine ambao haujaguswa kabisa.

Jina moja, kazi tofauti

Maneno "msaidizi wa utafiti" hubeba angalau kazi nne zisizolingana, na mwombaji asiyezitenganisha hujikuta ameomba isiyomfaa.

Ipo kazi ya mwanafunzi anayelipwa kwa saa, ambaye hufanya saa chache kwa wiki akiendelea na shahada ya kwanza au ya uzamili. Hii ndiyo rahisi kuipata na mara nyingi haitangazwi popote nje ya idara. Ipo nafasi ya mwanafunzi wa uzamili au uzamivu ambaye usaidizi ni sehemu ya ufadhili wake: hufanya utafiti wa mradi, na chuo humlipa posho na mara nyingi humsamehe ada. Nafasi ya namna hii hupatikana kwa kuomba kujiunga na masomo, haiombwi kama ajira, na anayeitafuta katika ukurasa wa ajira atatafuta bure. Ipo ajira ya kutwa kwa mtu aliyekwisha kuhitimu, yenye mkataba, likizo na mchango wa pensheni. Nchini Uingereza, kwa mfano, jina hilo kwa kawaida hupewa mtumishi ambaye bado hana uzamivu, na akiupata jina la cheo hubadilika pamoja na mshahara. Tena ipo kazi ya muda mfupi ya uwandani, ya wadadisi wanaojaza madodoso nyumba kwa nyumba au wanaohoji wagonjwa hospitalini, ambayo mara nyingi huajiriwa kupitia mratibu wa mradi au kampuni ya ukusanyaji data, si kupitia chuo chenyewe.

Tofauti hizi zina uzito wa kisheria. Je, msaidizi ambaye pia ni mwanafunzi ni mfanyakazi? Nchini Marekani swali hilo liliamuliwa na bodi ya taifa ya mahusiano ya kazi mwezi Agosti 2016, katika shauri lililohusu Chuo Kikuu cha Columbia: wanafunzi wasaidizi katika vyuo binafsi walitambuliwa kuwa wafanyakazi wenye haki ya kuunda chama. Mwezi Novemba 2022, wafanyakazi wa kitaaluma wapatao 48,000 wa Chuo Kikuu cha California, wakiwamo watafiti wanafunzi, waligoma kudai malipo bora, na mgomo huo ukadumu hadi Desemba. Kwa mwombaji, maana yake ni kwamba jina lililoandikwa katika mkataba ndilo linaloamua kama atalipwa akiugua, kama atahesabiwa saa za ziada, na kama kuna chama cha kumtetea. Soma jina hilo kwa makini kuliko unavyosoma kiwango cha mshahara.

Kwa mwanafunzi wa kigeni kuna kizuizi kingine kinachopaswa kujulikana kabla ya kuomba. Viza ya mwanafunzi nchini Marekani kwa kawaida humruhusu kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula. Uingereza nayo ina kikomo cha saa 20 kwa walio wengi wanaosomea shahada, wakati wa muhula. Ujerumani huhesabu kwa siku: tangu Machi 2024 mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Msimamizi wa mradi huenda hazijui sheria hizi, na akikosea, anayepoteza kibali cha kukaa nchini ni mwanafunzi. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ndiyo ya kuulizwa, na iulizwe mapema.

Nafasi za uanagenzi

Uanagenzi hutofautiana na usaidizi kwa lengo. Msaidizi huajiriwa kwa sababu mradi una kazi. Mwanagenzi huchukuliwa kwa sababu taasisi imeahidi kufundisha, na kazi anayoifanya ni njia ya kujifunzia. Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts ilianzisha mwaka 1969 mpango wa kuwaingiza wanafunzi wa shahada ya kwanza katika utafiti pamoja na wahadhiri, na mipango ya namna hiyo sasa imeenea katika vyuo vingi. NSF hugharimia makundi ya wanafunzi wanaotumia likizo ya kiangazi katika maabara za vyuo visivyo vyao. CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe iliyo karibu na Geneva, hupokea wanafunzi wa fizikia, uhandisi na kompyuta kila kiangazi. NIH ina nafasi katika maabara zake kwa wahitimu wapya wa shahada ya kwanza wanaojiandaa kwa uzamivu au udaktari wa tiba.

Mtego wa nafasi hizi ni masharti ya kustahiki. Wanafunzi wanaolipwa na NSF katika mpango wa kiangazi nilioutaja lazima wawe raia au wakazi wa kudumu wa Marekani. Mipango mingine huhitaji mwombaji awe bado amesajiliwa chuoni, kwa hiyo aliyehitimu wiki moja kabla hukosa sifa. Soma sharti la uraia na la usajili kabla ya kusoma kitu kingine chochote, maana kuandaa maombi mazuri kwa mpango usioweza kukupokea ni uchovu usio na faida. Angalia pia kalenda: mipango mingi ya kiangazi cha kaskazini hufunga maombi kati ya Desemba na Februari, na anayeanza kutafuta mwezi Mei, likizo inapokaribia, huwa amechelewa miezi kadhaa.

Ningependa pia watu wazitazame nafasi ambazo hazina fahari ya maabara. Chuo kikubwa huhitaji mafundi wa maabara, watunza wanyama wa utafiti, wasimamizi wa data, wakutubi wa nyaraka na maofisa wa ruzuku, na vyuo vingine hutoa mafunzo kazini kwa kada hizo. Mkataba wao mara nyingi haufungwi na mradi mmoja, na mtu aliyekaa mwaka mmoja katika ofisi ya ruzuku hujua nani amepata fedha kabla ya gazeti la chuo kujua.

Kuwafikia wasiotangaza

Nafasi za kutwa kwa kawaida lazima zitangazwe, kwa sababu kanuni za chuo zinadai ushindani wa wazi. Huonekana katika tovuti ya chuo, na Ulaya pia katika EURAXESS, jukwaa linaloungwa mkono na Tume ya Ulaya. Ni kweli kwamba baadhi ya matangazo huwa na mtu aliyekwisha kuwazwa: muda wa kuomba ni siku chache tu, na sifa zinazotakiwa ni finyu mno kana kwamba zimenakiliwa kutoka kwa wasifu wa mtu fulani. Tangazo la namna hiyo liombe ukiwa na muda, lakini usilipotezee wiki nzima.

Kazi za saa hupita njia nyingine. Mhadhiri humuuliza mwanafunzi aliyefanya vizuri darasani, humwomba mwanafunzi wake wa uzamivu apendekeze mtu, au hutuma ujumbe kwa wanafunzi wa idara. Aliye nje ya mzunguko huo hana njia isipokuwa kuandika barua pepe. Hapa ndipo wengi hupoteza nafasi yao, kwa sababu huandika kuhusu ndoto zao badala ya kuandika kuhusu kazi ya mtu wanayemwandikia.

Barua inayosomwa ni fupi, haizidi aya tatu. Aya ya kwanza inataja jambo mahususi: "Nimesoma makala yenu kuhusu usahihi wa vipimo vya malaria, na nimeona mradi wenu mpya unaoanza Septemba utakusanya data katika vituo vingi vya afya." Aya ya pili inasema unaweza kufanya nini wiki ya kwanza, bila kujisifu: kwamba umewahi kusafisha data kwa programu ya R, kwamba unazungumza lugha ambazo mahojiano yatafanywa, kwamba umewahi kunakili saa nyingi za sauti zilizorekodiwa. Ya tatu inaeleza saa ulizo nazo kwa wiki, tangu lini hadi lini, na kuomba mazungumzo mafupi. Wasifu wa kurasa mbili huambatanishwa. Kusifu "utafiti wenu wa kipekee unaogusa dunia" hakusaidii kitu, kwa kuwa sentensi hiyo inaweza kutumwa kwa yeyote, na mpokeaji analijua hilo.

Tena si lazima umwandikie profesa. Katika miradi mikubwa anayejua kwamba kuna dodoso 400 zisizoingizwa kwenye kompyuta ni mratibu wa mradi, meneja wa maabara au mtafiti aliyemaliza uzamivu karibuni. Barua pepe zao ni chache kuliko za profesa, na uhitaji wao ni wa leo. Mwandikie mmoja wao kwa heshima ileile. Akiridhika, yeye ndiye atakayekupeleka kwa mkuu wake. Usipojibiwa, kumbushia mara moja baada ya siku kumi hivi, kisha endelea na jina linalofuata. Ukimya wa mtafiti aghalabu ni wa shughuli nyingi, hauhusiani na thamani yako.

Kuhusu ujuzi, waombaji huthamini cheti kuliko kielelezo cha kazi. Mtafiti anayeajiri anaogopa kitu kimoja: kumpa mtu data na kurudishiwa makosa yasiyoonekana. Kwa hiyo kitu chochote kinachoonyesha uangalifu wako kina nguvu. Chukua data iliyo wazi kwa umma, isafishe, eleza kwa maandishi kila uamuzi ulioufanya, chora grafu mbili, uiweke mahali inapoweza kuonekana. R na Python, programu za kuchambulia data, hazilipiwi. REDCap, mfumo wa kukusanyia data uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt mwaka 2004, hutumika sana katika tafiti za afya, na kuufahamu hata kidogo humpunguzia msimamizi siku kadhaa za kukufundisha. Katika sayansi ya jamii hutakiwa mtu wa kuchambua mahojiano kwa kuyawekea misimbo, yaani alama za mada zinazojitokeza. Katika historia, mtu anayeweza kusoma miandiko ya zamani na asichoke katika hifadhi za nyaraka. Popote utafiti unapohusu watu, mafunzo ya maadili ya utafiti ni ya lazima. Misingi yake imo katika Azimio la Helsinki la mwaka 1964 na Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, na kozi fupi za mtandaoni zinazotoa cheti zipo. Aliyekwisha kuipitia anaweza kuanza kazi mapema, kwa kuwa kamati ya maadili haimruhusu mtu kugusa data ya wagonjwa kabla ya hapo.

Kwa nafasi zilizotangazwa rasmi kanuni ni tofauti. Vyuo vingi, vya Uingereza hasa, huorodhesha sifa za lazima na sifa za ziada, na jopo hutoa alama kwa kila sifa. Barua yako basi ijibu kila sifa kwa mpangilio uleule wa tangazo, na kila moja iwe na mfano. Mwombaji mwenye kipaji anayeandika insha nzuri bila kugusa sifa ya nne hupoteza alama za sifa ya nne, basi. Wadhamini nao wachaguliwe kwa ujuzi wao juu yako. Msaidizi wa mhadhiri aliyesimamia mradi wako wa mwaka wa mwisho ataandika barua yenye uzito kuliko mkuu wa kitivo asiyekukumbuka. Waarifu mapema, uwatumie tangazo lenyewe, ili wasije wakakusifia mambo yasiyoulizwa.

Usaili na mkataba

Usaili wa nafasi hizi huwa na jaribio: kusafisha jedwali la data, kufupisha makala moja, au kueleza ungefanya nini ukigundua kwamba mdadisi amejaza madodoso mwenyewe bila kuhoji watu. Swali kama hilo la mwisho halitafuti werevu. Linataka kusikia kwamba ungesema mara moja, kwa nani, na kwamba usingeifuta data kimyakimya.

Nawe una haki ya kuuliza. Fedha za nafasi hii zinaisha lini? Nitasimamiwa na nani kila wiki? Waliotangulia katika nafasi hii wako wapi sasa? Swali hili la tatu hufichua mengi, kwa maana msimamizi mzuri hulijibu kwa furaha na kwa majina. Uliza pia kuhusu kutajwa katika machapisho. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ambayo chanzo chake ni mkutano wa Vancouver wa mwaka 1978, hutaka mwandishi awe amechangia kwa kiasi kikubwa ama katika kubuni utafiti, ama kukusanya data, ama kuichambua, awe ameshiriki kuandika au kuhakiki andiko, awe ameidhinisha nakala ya mwisho na akubali kuwajibika. Kukusanya data pekee hakutoshi, lakini anayekusanya anapaswa kupewa fursa ya kushiriki katika hatua zinazofuata. Majarida mengi sasa hutumia pia orodha ya CRediT yenye majukumu 14 inayoonyesha nani alifanya nini. Mazungumzo hayo ni mepesi kabla ya kazi kuanza na ni mazito baada ya makala kuandikwa.

Kazi isiyolipwa inahitaji tahadhari. Kujitolea kwa wiki chache, kwa saa zinazojulikana na kwa jambo la kujifunza linalotajika, kunaweza kumfungulia mlango mtu asiye na uzoefu. Lakini mradi wenye ruzuku unaotaka mtu wa kutwa kwa miezi sita bila malipo unamnyonya, na huwafungia nje vijana wasio na familia ya kuwalisha. Omba malipo, au kazi hiyo ihesabiwe kuwa sehemu ya masomo yako. Vyuo vingi vina fungu dogo kwa ajili hiyo ambalo wahadhiri wenyewe husahau kuliomba. Na yeyote anayekudai ada ili akupe ajira ya utafiti, au anayekuandikia kwa anwani isiyo ya chuo huku akitaka nakala ya pasipoti na namba za benki kabla ya usaili, hana kazi ya kukupa. Piga simu idarani kwa namba iliyo katika tovuti rasmi uhakikishe.

Ukishaipata nafasi, weka katika kalenda tarehe ya miezi sita kabla ya mkataba kuisha. Siku hiyo muulize mtafiti mkuu kama kuna ruzuku nyingine inayoombwa na kama jina lako au nafasi yako imo katika bajeti yake. Mtafiti mwenye nia njema anaweza kukuombea fedha za kuvuka kipindi cha katikati, ambazo baadhi ya vitivo huwa nazo, au kukutambulisha kwa mwenzake ambaye mradi wake unaanza wakati wako unapoisha. Ukisubiri hadi mwezi wa mwisho, bajeti za mwaka unaofuata zitakuwa zimekwisha kufungwa.